Kujitolea kwenye makao yetu ya watoto Mombasa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila wiki tunapata barua kutoka kwa ndugu walio nje ya Kenya: Dar es Salaam, Arusha, Goma, Bujumbura, na Waswahili waliohamia Uingereza au Marekani. Wote wanauliza kama wanaweza kuja kukaa nasi na kuhudumia watoto. Mimi ndiye ninayezisoma barua hizo na kuzijibu. Maswali mengi hujirudia, basi nimeyakusanya hapa. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Tafadhali yasome yote kabla hujanunua tiketi.

Makao haya ni ya nani, na yako wapi?

Ni huduma ya Kikristo inayobebwa na makanisa machache ya hapa mjini. Tuko upande wa Kisauni. Ukitoka kisiwani unavuka daraja la Nyali, unafika Kengeleni, kisha unapanda tuktuk.

Kengeleni nataka uijue kabla hujafika. Jina lenyewe limetokana na kengele ya Freretown, kijiji ambacho wamisionari Waingereza wa CMS (Church Missionary Society, shirika la umisionari la Kianglikana) walikianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Miongoni mwao walikuwamo watoto ambao hakuna aliyejua kwao ni wapi wala mama zao ni nani. Mnara wa kengele hiyo ungali pale kando ya barabara, matatu zinaupita mchana kutwa. Kila mgeni wetu tunampitisha hapo siku ya kwanza. Kanisa katika mji huu lilianza kulea watoto wa watu kabla ya babu zetu kuzaliwa, na wengi wa watoto wale hawakurudi kwao kamwe kwa sababu hapakuwa na njia. Sisi njia tunazo. Tuna simu, tuna machifu na wazee wa mitaa, tuna maafisa wa watoto, tuna barabara ya lami hadi Kinango. Mtoto akizeekea hapa mikononi mwetu ilhali ana shangazi Mariakani, hilo ni kosa letu.

Je, watoto wote walioko hapo ni yatima?

Hapana. Hili ndilo linalowashangaza wengi. Wengi wao wana mzazi mmoja aliye hai, au wote wawili, au nyanya, au mjomba. Wameletwa kwa sababu mama aliugua, baba alifungwa, nyumba ilikuwa na mapigo, au umaskini ulifika mahali pa kutisha. Wachache waliokotwa mjini wakiwa wadogo mno hata kutaja majina yao.

Hakuna anayeweza kutuachia mtoto langoni tukamchukua hivi hivi. Mtoto huja kupitia afisa wa watoto na kwa amri ya mahakama; kesi nyingi za hapa husikilizwa kwenye mahakama ya watoto ya Tononoka. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka makao kama yetu kuwa kimbilio la mwisho, baada ya ndugu na walezi wengine kutafutwa na kukosekana. Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na sasa kuna mkakati wa taifa wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia na kuyageuza makao yawe vituo vya kusaidia familia hizo. Baadhi ya wenzetu waliipokea habari hiyo kwa uchungu. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Nimeona watoto walivyobadilika wiki chache tu baada ya kurudi kwa nyanya yao, kwenye nyumba ya makuti isiyo na stima, na sijamwona mmoja aliyeomba kurudi kwetu kwa sababu ya kitanda.

Kwa hiyo ukija, elewa kwamba unakuja mahali ambapo furaha yetu kubwa ni kitanda kuwa kitupu.

Kwa nini hampokei watu wa wiki moja au mbili?

Tulikuwa tunawapokea. Makundi yalikuja Agosti na Desemba, yakaimba, yakacheza na watoto, yakapiga picha, yakalia kwenye kuagana, yakaondoka.

Kulikuwa na mtoto wa miaka sita. Dada mmoja mgeni alikaa nasi siku kumi na akampenda sana. Kila jioni alimpakata barazani akimfundisha kuhesabu vidole. Siku ya kuondoka akamwambia, "Krismasi nitarudi." Sisi wakubwa hatukujua kama ameambiwa hivyo. Tarehe 24 Desemba yule mtoto alioga mwenyewe bila kuitwa, akavaa shati lake la kanisani, akapindua ndoo karibu na lango, akakaa juu yake. Bawabu akamuuliza anafanya nini pale. "Nina mgeni leo." Chakula cha mchana alikataa kuingia ndani, akaletewa sahani pale pale langoni. Magharibi ilipoingia alikuwa amesinzia ameegemea ukuta, na mama wa nyumba, yaani mlezi wake, akambeba hadi kitandani akiwa bado na viatu.

Januari tulipokea wageni wengine. Hakuwauliza majina. Swali lake la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa, "Wewe utaondoka lini?"

Kosa lilikuwa letu. Mimi ndimi niliyempokea dada yule, na sikumweleza lolote. Mtoto ambaye ameshaachwa mara moja huweza kumshika mgeni kwa nguvu siku ile ile ya kwanza, na wageni hudhani ni upendo. Mara nyingi ni njaa ya mtu wa kudumu. Ukimlisha siku kumi ukaondoka, unamfundisha kwamba kila anayekupenda atakuacha.

Sasa muda mfupi kabisa tunaokubali ni miezi mitatu. Miezi sita ni bora zaidi, na hatupokei zaidi ya watu wawili kwa wakati mmoja. Mwenye wiki mbili tu tunampa kazi isiyomkutanisha na watoto: kupaka rangi, kurekebisha vitanda, kupanga hesabu za ofisi. Wengine hukasirika. Wengine huja, hufanya kazi hiyo kwa moyo safi, na hao ndio huandika tena mwaka unaofuata kuomba miezi sita.

Nitafanya kazi gani hasa?

Utawasaidia wanaowalea watoto. Mama wa nyumba ndiye anayemwogesha mtoto, anayemlaza, anayemtuliza akiota ndoto mbaya. Wewe humpokonyi nafasi hiyo. Unamwondolea mzigo mwingine ili yeye apate muda wa kukaa na mtoto. Ukifua mashuka ishirini asubuhi, umemwezesha kumsuka binti nywele bila haraka jioni. Kazi hiyo haionekani kwenye picha, lakini ina thamani kuliko michezo yote utakayowaandalia.

Wenye ujuzi tunawahitaji sana: wauguzi, wahasibu, mafundi umeme, walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, washauri nasaha, watu wa ustawi wa jamii. Mtaalamu mmoja akiwafundisha wafanyakazi wetu jambo wasilolijua, faida yake inabaki hata akishapanda basi. Jioni kuna kuwasimamia wakubwa wakifanya kazi za shule, wote mezani pamoja, milango wazi.

Mara nyingine utamsindikiza afisa wetu wa ustawi kwenda kutafuta ndugu wa mtoto, Ganze au Kinango. Ni safari za vumbi. Unaweza kushinda kutwa mkiulizia jina la ukoo kutoka boma hadi boma na kurudi mikono mitupu. Tena unaweza kumpata mzee ambaye, akitajiwa jina la mama wa mtoto, ananyamaza kidogo, kisha anaita watu wa nyumbani wote waje wasikie.

Tuna pia daftari la maisha la kila mtoto: majina ya watu wake, kijiji, shule, picha zozote tulizozipata, maneno aliyoyasema alipofika. Mwenye mwandiko mzuri na subira atapewa kazi ya kuyaandika. Mtoto akiondoka, daftari ni lake.

Lazima niwe nimeokoka?

Tunataka mtu anayempenda Kristo na aliye chini ya kanisa fulani, kwa sababu hii ni huduma, na siku yetu inaanza kwa ibada saa kumi na mbili asubuhi. Dhehebu si hoja. Tumekuwa na Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste, na wote waliosha sufuria zile zile.

Bali wokovu peke yake hautoshi. Barua ya mchungaji peke yake pia haitoshi. Uwe na miaka 21 au zaidi, ulete cheti cha maadili mema kutoka polisi wa nchi unayoishi, wadhamini watatu ambao tutawapigia simu wenyewe, na ukubali mahojiano mawili. Tunauliza maswali magumu. Watu wenye nia mbaya hupenda kujificha mahali penye watoto na penye kuaminiana, na kanisani kuaminiana ni kwingi. Mtu mwema hapotezi chochote akichunguzwa.

Nahitaji kibali gani?

Raia wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo huingia Kenya bila viza. Wengi wa mataifa ya nje ya Afrika, tangu Januari 2024, huomba idhini ya kusafiri kwa njia ya intaneti kabla ya safari. Lakini muhuri wa kuingia ni wa mgeni anayetembea. Kujitolea, hata bila senti moja ya mshahara, huhesabiwa kuwa kazi, na kunahitaji pasi maalumu au kibali cha shughuli za dini na hisani kutoka Idara ya Uhamiaji. Sisi ndio tunaoandika barua ya kukuombea, nawe usianze safari kabla kibali hakijatoka. Mtu akikwambia "sema umekuja kutalii," usimsikilize. Hatuwezi kuwafundisha watoto ukweli tukiwa tumeanza na uongo mpakani.

Nitalipa kiasi gani?

Hatutozi ada ya kujitolea. Unachangia chakula chako na maji, kwa hesabu tutakayokuonyesha, na unajilipia nauli, kibali na bima ya afya. Michango hulipwa kwenye akaunti ya huduma au namba ya M-Pesa ya ofisi, nawe unapewa risiti. Kamwe usimtumie mfanyakazi binafsi.

Neno moja hapa kwa wanaolinganisha makao mbalimbali. Mahali panapodai pesa nyingi ili ushinde na watoto, na hapakuulizi hata cheti cha polisi, jihadhari napo. Watoto wakiwa ndio wanaoleta wageni wenye pesa, hakuna atakayekuwa na haraka ya kuwarudisha kwao.

Nitafikaje?

Kutoka Dar kuna mabasi yanayopitia Tanga, Horohoro na Lunga Lunga, kisha Ukunda hadi Likoni. Kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu. Shika mizigo yako vizuri. Kutoka Nairobi, treni ya SGR (reli ya kisasa) inakufikisha kituo cha Miritini. Kwa ndege unashukia uwanja wa Moi. Popote ushukapo, mtu wetu atakupokea.

Maisha ya hapo yakoje? Chakula, maji, joto?

Utalala chumba cha wahudumu, watu wawili, chandarua na feni. Kuanzia Desemba hadi Machi joto ni kali na usiku hautulii. Aprili hadi Juni ni mvua za masika.

Maji ndiyo yatakayokufunza. Mombasa hupata maji yake mbali, Mzima na Baricho, na mfereji unaweza kukauka siku kadhaa. Kisima chetu kina chumvi; sabuni haitoi povu, na chai ikipikwa nayo utaijua kwa tone la kwanza. Basi maji ya kunywa na kupikia tunanunua kwa mitungi, na ya kisima ni ya kufulia na kuogea. Maji ya suuza ya mwisho hayamwagwi, huwekwa kwenye pipa la buluu nyuma ya choo. Watoto wa miaka mitano wanajua utaratibu huu. Utaonyeshwa na wao, usione haya.

Asubuhi ni uji, Jumamosi mahamri na mbaazi. Mchana na jioni ni ugali au wali, maharagwe ya nazi, mchicha, omena (dagaa), samaki wanapopatikana. Sote tunakula kilekile. Mhudumu hawezi kukaa pembeni na soda yake huku watoto wakimtazama.

Afya je?

Malaria ipo, ongea na daktari wako kabla ya safari. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, kama Uganda au Kongo, aje na cheti chake cha chanjo.

Kiswahili changu ni cha Tanzania au cha Kongo. Tutaelewana?

Mtaelewana, nayo ni baraka kubwa, maana mtoto huumia zaidi asipoweza kujieleza. Siku za kwanza utababaika kidogo. Watoto waliokulia Kisauni au Mji wa Kale huchanganya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, na maneno ya mtaani. Akikwambia "ndoo," hakuombi ndoo ya maji, anakuita uje. Ndia ni njia, mato ni macho. Usiwasahihishe, ni lugha ya mama zao, na kwa baadhi yao ndicho kitu pekee walichobaki nacho kutoka nyumbani.

Zingatia adabu pia. Wapishi na mama wa nyumba waamkie shikamoo, hata kama una shahada mbili. Wao watakuita kwa jina au "mwanangu". Watoto watakuita anti au anko. Tafadhali usiwaruhusu wakuite mama au baba.

Kuna watoto wa Kiislamu? Mnawafanyaje?

Wapo. Huu ni mji wa Waislamu na Wakristo waliozaliwa nyumba moja, tena wengi wetu tuna wajomba wa upande wa pili. Mtoto anayetoka familia ya Kiislamu anabaki na dini ya familia yake. Hapelekwi ibadani kwa lazima, habadilishwi jina, na mwezi wa Ramadhani wakubwa wanaofunga huandaliwa daku na futari. Kuna maalim anayekuja kuwasomesha. Sheria ya 2022 inautambua ulezi wa Kiislamu wa kafala, na tumewahi kumkabidhi mtoto kwa jamaa zake kwa utaratibu huo, mchungaji wetu akiwa shahidi.

Baadhi ya ndugu hutuandikia wakilalamika kwamba hivi si kuhubiri Injili. Namwelekeza kila mmoja kwa Yakobo 1:27: "Dini iliyo safi, isiyo na taka mbele za Mungu Baba ni hii, Kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao." Mtoto anayetegemea sahani yako kwa chakula cha usiku hana uhuru wa kukukatalia, na imani iliyopatikana kwa njia hiyo mimi siiamini. Akituuliza kwa nini tunampenda, tunamjibu wazi kwamba ni kwa ajili ya Yesu.

Naweza kupiga picha?

Majengo, bahari, chakula, wewe mwenyewe: piga. Mtoto hapana, hata kwa nyuma, hata akikuomba. Simu haziingii mabwenini. Wapo waliokimbia watu waliowadhuru, na picha moja yenye sare ya shule inatosha kuonyesha alipo. Zaidi ya hayo, atakapokuwa mtu mzima na anatafuta kazi au mchumba, asiikute sura yake mahali imeandikwa "yatima".

Nilete zawadi?

Usimpe mtoto mmoja mmoja kitu chochote, hata peremende. Ukitaka kuleta, leta kwa ofisi: sabuni, pedi za wasichana, madaftari, viatu vyeusi vya shule. Vingi vinapatikana soko la Kongowea kwa bei nafuu, kwa hiyo ukinunua hapa unamsaidia na mfanyabiashara wa hapa. Nguo kuukuu usibebe.

Nikishuku kwamba mtoto anadhulumiwa?

Sema siku hiyo hiyo, kwa msimamizi wa ulinzi wa watoto, ambaye utatambulishwa kwake ukifika. Usichunguze mwenyewe, usimhoji mtoto mara mbili mbili, usimwahidi kuficha siri. Kama unayemshuku ni kiongozi wetu, au hata mimi, piga 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto Kenya nzima, au nenda kwa afisa wa watoto moja kwa moja. Hatutakulaumu kwa "kuaibisha huduma". Kunyamaza ndiko kutakakoiaibisha.

Naweza kumwasili mtoto niliyempenda nikiwa hapo?

Hapana. Kujitolea si njia ya kupata mtoto. Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wake mwaka 2014, na mambo ya kuasili yana mahakama yake na masharti yake. Usimtajie mtoto neno hilo hata kwa utani.

Nikishaondoka, naweza kuwasiliana nao?

Barua, ndiyo, kupitia ofisini. Huzisoma afisa wa ustawi kwanza, kisha mtoto husomewa na mama wa nyumba. Simu za faragha na ujumbe wa moja kwa moja, hapana, hadi atakapofikisha miaka 18 na kuamua mwenyewe.

Kuagana tunakupangia wiki mbili kabla. Watoto huambiwa tarehe, tunaichora kwenye kalenda ya ukutani, na kila jioni mmoja wao hukata siku kwa kalamu nyekundu. Jioni ya mwisho tunakula pamoja, unawaaga kwa majina, na unawaambia ukweli: naenda nyumbani, na sijui kama nitarudi. Asubuhi utaondoka mchana kweupe wakikuona, wakiwa wamesimama na mama zao wa nyumba. Usitoroke alfajiri wakiwa wamelala kwa kuogopa machozi.